Fundi Ambaye Wasifu Wake Haukumtambulisha: Uchambuzi wa Kisa Kutoka Wilaya ya Muheza

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu kazi ambayo familia nyingi za mkoa wa Tanga huifanya kwa haraka na katika majonzi, nayo ni kuandika wasifu wa marehemu. Marehemu huyu alikuwa fundi seremala wa kijijini, mume na baba, aliyefariki akiwa anakaribia umri wa miaka 80. Wasifu wa kwanza ulisomwa siku ya mazishi na haukumfanana. Wa pili uliandikwa kati ya kuanua matanga na siku ya arobaini, na ndio uliohifadhiwa na familia. Mimi nilishirikishwa kuanzia siku ya nne, nikiwa jirani na mwalimu mstaafu, na ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyaona mwenyewe au kuelezwa na wahusika wenyewe.

Familia imeridhia kisa hiki kiandikwe ili kiwasaidie wengine. Majina yote yameondolewa, kijiji hakitajwi, na mambo machache yasiyogusa kiini yamebadilishwa. Nitawaita wahusika kwa nafasi zao: Fundi, Mjane, Binti Mkubwa, Kitindamimba, Baba Mdogo na Mwanafunzi.

Mazingira

Fundi alizaliwa katikati ya miaka ya 1940 chini ya milima ya Usambara Mashariki, eneo ambalo mgeni hulitambua kwa michungwa yake na, akiangalia vizuri zaidi, kwa mifenesi. Useremala aliujifunzia katika karakana ya shamba la mkonge, ambako kijana alianza kwa kufagia maranda na kushika upande wa pili wa msumeno kabla ya kuruhusiwa kugusa randa. Wakati ule mkonge ndio uliokuwa ukiilisha Tanga. Mwaka 1964 uzalishaji wa nchi ulifikia takriban tani 230,000, kisha ukaanza kushuka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na kadiri miaka ya 1970 ilivyosonga karakana kama ile haikuwa tena na kazi ya kuwatosha mafundi wake. Fundi alirudi kijijini na sanduku la zana, akajenga banda la makuti kando ya nyumba ya wazazi wake, na hapo ndipo alipofanyia kazi hadi mwaka wake wa mwisho.

Alioa mara mbili. Ndoa ya kwanza, iliyompa Binti Mkubwa, ilivunjika mtoto akiwa na umri wa miaka 7 hivi, na kwa miaka kadhaa baba hakupeleka matunzo. Ndoa ya pili ilidumu zaidi ya miaka 40 na ikajaliwa watoto 4, wa mwisho wao akiwa Kitindamimba, anayefanya kazi ya ofisini Dar es Salaam. Vijana 6 walijifunza kazi katika banda lile kwa nyakati tofauti, na yule ninayemwita Mwanafunzi alikuwa wa mwisho na ndiye aliyekaa naye kwa muda mrefu kuliko wote.

Siku ya mazishi

Fundi alifariki kabla ya alfajiri, na familia ikaamua kumzika siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri. Kitindamimba aliandika wasifu kwenye simu akiwa ndani ya basi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amelia usiku kucha, hakuwa na mtu wa kumuuliza, na aliandika kwa kufuata mfano wa wasifu mwingine uliokuwa kwenye simu yake. Nayasema haya mapema kwa sababu makosa yanayofuata hayakutokana na kutojali. Kijana alimpenda baba yake na alitaka azikwe kwa heshima.

Maneno yaliyosomwa makaburini yalikuwa haya, karibu yote: marehemu alikuwa mtu mwema, mpole, mcheshi na mpenda watu, alisoma shule ya msingi, mwaka 1985 alianza kujishughulisha na useremala, aliugua kwa muda mfupi, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja. Kisha ikatolewa kauli ya kawaida kwamba anayemdai marehemu au kudaiwa naye awaone wanafamilia.

Watu waliitikia dua wakatawanyika. Jioni, Baba Mdogo, ambaye ni ndugu wa marehemu wa tumbo moja, alimwita Kitindamimba pembeni akamwambia kwa upole, “Mwanangu, umesoma vizuri, lakini huyo uliyemsoma anaweza kuwa mtu yeyote.” Binti Mkubwa hakusema neno. Alirudi kwake usiku uleule na siku ya tatu, matanga yalipoanuliwa, hakuonekana. Alipofuatwa na shangazi yake alijibu, “Walitajwa watoto wanne, nikajihesabu, nikakuta simo.”

Uamuzi wa kuandika upya, na wa nani aandike

Siku ya nne Baba Mdogo aliitisha kikao cha familia na mimi nikaalikwa. Wengine waliona maji yamekwisha kumwagika, kwamba wasifu ukishasomwa kaburini umesomwa, na kurudia kungeonekana kama kumwaibisha kijana mbele za watu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Baba Mdogo aliikubali nusu, akasema wasifu wa kaburini hautaguswa wala kusahihishwa hadharani, ila siku ya arobaini, baada ya hitima, patasomwa kumbukumbu mpya na ndefu zaidi, ambayo familia itaiweka.

Uamuzi uliofuata ndio ninaouona kuwa mzito kuliko yote. Binti Mkubwa aliombwa aiongoze kazi hiyo. Haukuwa uamuzi wa kumfariji tu. Baba Mdogo alieleza kwamba yeye ndiye mtoto pekee aliyemjua Fundi akiwa kijana wa karakana, na kwamba mtu aliyeachwa nje ya habari huona wepesi zaidi kilichopungua ndani yake. Kitindamimba alikwenda mwenyewe kumwomba radhi na kumletea simu ili asome alichokiandika. Binti Mkubwa alikuja siku ya saba.

Kuanzia kwenye mbao

Tulianza vibaya, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeandaa maswali 20 kwenye karatasi, nikaenda nayo kwa wazee wawili waliokua pamoja na marehemu, nikayauliza moja baada ya jingine kama karani wa sensa. Majibu yalikuwa yaleyale ya kaburini: alikuwa mtu mwema, alipenda watu, Mungu amrehemu. Wazee hawakuwa wanaficha lolote, bali swali pana la kuuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani humfanya Mswahili achague maneno ya heshima, na maneno ya heshima humfaa kila marehemu.

Aliyetutoa hapo ni Mjane. Kwa kuwa alikuwa katika eda, ambayo ni miezi 4 na siku 10, sisi wanaume wa nje hatukwenda kumhoji, na siku ya mazishi hakuna aliyewaza kumuuliza chochote. Binti Mkubwa alikaa naye ndani, akimwita mama mdogo kama alivyomwita siku zote, na siku ya pili Mjane akamwambia jambo ambalo hata Mwanafunzi hakulijua maana yake: kila kitu alichokitengeneza Fundi alikiwekea alama tatu fupi za patasi, sambamba, mahali pasipoonekana, yaani chini ya kiti, nyuma ya ubao wa kichwani mwa kitanda, juu ya fremu ya mlango. Mwanafunzi alikuwa amemwona akizipiga kwa miaka mingi, akadhani ni kipimo.

Kuanzia hapo tuliacha kuuliza juu ya mtu, tukaanza kuuliza juu ya vitu. Binti Mkubwa, Mwanafunzi na mjukuu mmoja mwenye simu nzuri walizunguka kijiji kizima na vitongoji viwili vya jirani kwa siku 9, wakibisha hodi na kuomba kuangalia milango, vitanda, makabati, vigoda, vinu na mbuzi za kukunia nazi. Mwenye nyumba aliyekuwa hana la kusema juu ya marehemu aliposimama mbele ya mlango wake alikuwa na habari ya nusu saa: nani aliuagiza, ulichelewa miezi mingapi, nani aligombana na nani, mtoto gani alizaliwa siku ulipofungwa bawaba. Mama mmoja alileta mbuzi ya nazi iliyochakaa kibao, akaeleza kwamba Fundi aliitengeneza ikiwa ndefu kidogo kwa mbele kwa sababu alikuwa mjamzito na hakuweza kuinama. Sijui sifa gani ya kaburini ingeyabeba hayo.

Mbao zenyewe zilitusaidia kupanga miaka, kwa kuwa karibu hakuna aliyekumbuka tarehe. Vitu vya zamani zaidi vilikuwa vya mvule na mkangazi. Baada ya uvunaji mkubwa wa magogo katika misitu ya Usambara Mashariki kusitishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, mbao hizo zilianza kuadimika bandani mwake, na kuanzia hapo tunaona mfenesi, mwembe, na msaji wa aina ile inayopandwa katika shamba la miti la Longuza, hapahapa Muheza. Vitanda vitatu havikuwa na msumari hata mmoja, viungo vyote vikiwa vya ulimi na tundu vilivyokazwa kwa vijiti vya mbao. Wenyewe walitukumbusha kwamba vilitengenezwa miaka ya mwanzo ya 1980, wakati sabuni, sukari na misumari vilipokuwa haba madukani. Mwanafunzi, aliyezaliwa baadaye, alikuwa akidhani ule ni mtindo wa mapambo.

Na mwaka 1985 ulianguka wenyewe. Katika ghala la shule ya msingi yalikutwa madawati mawili ya mvule yenye alama tatu. Wazee walikubaliana kwamba ni ya wakati wa Elimu ya Msingi kwa Wote, mpango uliotokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974 na kulengwa kukamilika mwaka 1977, ambapo shule za vijiji zilipokea watoto wengi kuliko madawati yaliyokuwapo. Fundi alikuwa ameshajitegemea wakati huo, karibu miaka 10 kabla ya ule mwaka uliosomwa kaburini.

Jeneza la msikiti ndilo lililotunyamazisha sote. Mwanafunzi aliomba ruhusa ya imamu, akaligeuza, akakuta alama tatu upande wa chini. Fundi alikuwa amechukuliwa kwenda kaburini ndani ya jeneza alilolitengeneza kwa mikono yake, na kati yetu tuliolibeba hakuna aliyejua.

Daftari

Fundi aliacha daftari moja la shule, lenye jalada lililoungwa kwa gundi ya mbao. Ndani yake aliandika kazi, vianzio alivyopokea na madeni, lakini kwenye kurasa zilezile, bila kutenganisha, aliandika pia ada za shule, dawa, unga, nauli ya mtoto aliyekwenda kufanya mtihani. Ukurasa mmoja unaanza na fremu mbili za mlango na kuishia na kilo mbili za sukari. Ukitaka kujua namna mtu huyu alivyokuwa baba, soma daftari hili kabla ya kusikiliza mtu yeyote, kwa sababu linaonyesha kila kianzio kilikwenda wapi, na mara nyingi sana hakikwenda kununua mbao. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kazi zake kuchelewa, jambo ambalo wateja walimlaumu nalo maisha yake yote.

Kazi 4 zilikuwa zimelipiwa kianzio bila kukamilika. Familia iliona kwamba hizo ni deni la marehemu, na deni hutangulia mgawanyo wa mirathi. Wateja wawili walikubali Mwanafunzi amalizie kwa mbao zilizokuwapo bandani, na wawili walirudishiwa fedha. Liliibuka swali kama madeni yasomwe siku ya arobaini, hasa yale ya watu waliokuwa wakidaiwa na Fundi. Baba Mdogo alikataa katakata, akisema kumbukumbu si baraza la kudaiana. Nilikubaliana naye, na matokeo yalimpa haki.

Kuandika kosa lake

Jambo lililochukua vikao vitatu ni ile miaka ambayo Fundi hakumtunza mtoto wake wa kwanza. Watoto wa ndoa ya pili walitaka liachwe, kwa hoja kwamba marehemu hasemwi vibaya. Binti Mkubwa hakutaka baba yake asemwe vibaya, ila alisema kwamba likifichwa, basi kitanda chake pia kitafichwa. Maana kitanda hicho, cha mvule, kililetwa juu ya paa la basi siku ya ndoa yake na baba ambaye hakuwa amemwona kwa miaka mingi, akakifunga mwenyewe chumbani, akasimama mlangoni, akamwomba msamaha mbele ya shangazi zake. Ukiondoa kosa, kitanda kinakuwa zawadi ya harusi kama nyingine.

Uamuzi ulikuwa kuliandika kwa sentensi moja, kwa maneno ya Binti Mkubwa mwenyewe, baada ya mama yake mzazi, ambaye yu hai, kuulizwa na kuridhia. Sharti hilo la ridhaa ya mama lilikuwa la lazima, kwa kuwa habari ya ndoa iliyovunjika ni ya watu wawili, na mmoja wao bado anaishi kati ya majirani.

Siku ya arobaini

Kumbukumbu ilikuwa na kurasa tatu za kuandikwa kwa mkono. Baada ya hitima ilisomwa na mtoto wa kiume wa Binti Mkubwa, wanaume wakiwa uani na wanawake barazani na ndani, Mjane akisikiliza kupitia dirishani. Nanukuu kipande kimoja ili kilinganishwe na kile cha kwanza:

“Shule yetu ilipopata watoto wengi, alitengeneza madawati 22 ya mvule, akalipwa ya 15. Hakuacha kuyadai yale 7, wala hakuacha kuyarekebisha yalipovunjika. Aliondoka kwa mama yangu nikiwa mdogo, na miaka hiyo nilimlilia. Alirudi na kitanda, na ndicho ninacholalia mpaka leo.”

Msomaji aliposhindwa kuendelea, Kitindamimba alisimama akapokea karatasi na kumalizia. Hilo halikupangwa.

Katika majuma mawili yaliyofuata watu 5 waliokuwa wakidaiwa walifika kwa Baba Mdogo na kulipa, wawili kati yao kwa madeni ambayo hayakuwamo daftarini. Mwanafunzi aliachiwa banda kwa makubaliano ya kumpa Mjane sehemu ya mapato.

Yaliyofaulu na yaliyoshindikana

Naamini kilichofaulu kilitokana na mpangilio wa hatua. Tulikwenda kwa Mjane, kisha kwenye vitu, kisha kwenye daftari, na sifa zikaja mwisho zikiwa zimeshajisema zenyewe. Muda nao ulisaidia. Siku ya mazishi haina nafasi ya kazi hii, na sitamlaumu yeyote anayesoma maneno machache siku hiyo, ilimradi majina ya watoto wote yahakikiwe na mtu mzima mmoja wa ukoo kabla hayajasomwa. Kosa la mwaka halikumuumiza mtu. Kosa la idadi ya watoto lilikaribia kuvunja familia.

Yaliyoshindikana ni mengi kuliko nilivyotarajia nilipoanza kuandika. Sauti ya Mjane ilirekodiwa kwa simu ya mjukuu, saa mbili na zaidi, nayo haikunakiliwa popote. Mwezi uliofuata simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji na rekodi yote ikapotea. Tunacho tu kile ambacho Binti Mkubwa alikuwa amekiandika. Picha za milango zipo, lakini nyingi zilipigwa bila kuandika ni nyumba ya nani, na sasa tunatazama milango mizuri tusiyoweza kuisimulia.

Zana zilianza kugawanywa siku ya tano kama vitu vya kawaida. Tezo aliyotoka nayo karakana ya mkonge ilichukuliwa na ndugu mmoja na kuuzwa kabla hatujajua ni ya lini. Ingefaa zana zifungiwe sandukuni mpaka mirathi ishughulikiwe, kwa sababu ni mali ya warithi wote na si vitu vya kuokota.

Daftari nalo tulilishikilia kupita kiasi. Msimamizi wa mirathi alipolihitaji ili kuorodhesha mali na madeni mbele ya Mahakama ya Mwanzo, lilikuwa kwangu nikinakili kurasa, na shughuli yake ikasimama kwa zaidi ya juma moja. Ilitosha kupiga picha kila ukurasa siku ya kwanza na kumkabidhi daftari halisi.

Hatukuwafikia wanafunzi 3 kati ya wale 6 waliopita bandani, na karibu habari zote za karakana ya mkonge zimebaki kuwa zile alizozikumbuka Binti Mkubwa, aliyekuwa mtoto mdogo wakati huo. Fundi mwenyewe alikaa barazani pake miaka miwili ya mwisho akiwa na akili timamu na muda mwingi, nami nilipita pale karibu kila siku nikimpa shikamoo na kuendelea na safari yangu.

Orodha ya vitu vyenye alama tatu sasa ina vitu 61. Mjane anakumbuka mlango mmoja mkubwa uliokwenda Pangani kwa lori wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, wa mvule wa mwisho aliokuwa ameuweka. Eda yake imekwisha, na amemwambia Binti Mkubwa kwamba msimu wa machungwa ukipita watakwenda wote wawili kuutafuta.